Wiki ya Oktoba huko Sauternes: mvinyo mtamu unaopimwa kwa uchachu wake

Jumatatu: Bordeaux hadi Langon

Treni ya mkoa inayotoka stesheni ya Saint-Jean mjini Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, hufuata ukingo wa kushoto wa mto Garonne kuelekea kusini-mashariki. Inasimama Barsac, kisha Preignac, kisha Langon, mwendo wa kilomita 45 hivi. Langon ni mahali pazuri pa kufikia, kwa sababu vijiji vya Sauternes, Bommes na Fargues vinafikika kwa baiskeli. Tumechagua katikati ya Oktoba kwa makusudi. Wakati huu mashamba mengi ya zabibu nyekundu ya Bordeaux yamemaliza kuvuna au yanakaribia, lakini huku kazi ndiyo imepamba moto. Mavuno ya Sauternes huanza Septemba, na kuna miaka yanafika Novemba.

Kabla ya kugusa glasi yoyote, jioni hii kuna zoezi la jikoni ambalo kila anayetaka kuujua mvinyo mtamu alifanye walau mara moja. Yeyusha gramu 25 za sukari kwenye maji, ongeza maji hadi yafike mililita 200, kisha gawa katika glasi mbili zilizo sawa. Glasi ya kwanza iache ilivyo. Ya pili tia vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu. Onja ya kwanza, meza, subiri nusu dakika, halafu onja ya pili. Sukari ni karibu ile ile, lakini ya kwanza inaganda mdomoni na huna hamu ya kuirudia, wakati ya pili inatiririsha mate na inaonekana kupungua utamu.

Sukari hiyo, gramu 125 kwa lita, ndiyo iliyomo kwenye Sauternes ya kawaida, mvinyo mtamu unaobeba jina la eneo hili. Si nyingi kama watu wanavyodhani: soda ya kola ina zaidi kidogo ya gramu 100. Kuufanya mvinyo uwe mtamu ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuufanya uwe na uchachu wa kuubeba utamu huo, na wiki nzima tutakuwa tunautafuta uchachu, shambani, kwenye pipa na kwenye glasi.

Jumanne: ukungu wa Ciron

Leo ni siku ya kuamka kabla ya jua. Kijito cha Ciron kinatoka kwenye mchanga wa nchi ya Landes na kupita chini ya msitu mnene, kwa hiyo maji yake hayapati jua na hubaki baridi. Kati ya Barsac na Preignac kinaingia Garonne, mto mpana wenye maji ya uvuguvugu. Katika usiku wa msimu wa majani kupukutika, baridi ya Ciron ikikutana na joto la Garonne, unazaliwa ukungu unaofunika mashamba mpaka asubuhi iishe. Saa nne bado unaona safu chache tu za mizabibu mbele yako. Saa sita ukungu umeondoka na jua linakausha kila kitu.

Nusu zote mbili za siku ni za lazima. Unyevu wa asubuhi unaiamsha kuvu iitwayo Botrytis cinerea, na jua la mchana linaizuia isivuke mpaka. Ukungu ukikaa siku nzima, au mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, kuvu hiyo hiyo inageuka uozo wa kijivu na zao linakwenda na maji. Ukungu usipotokea kabisa, zabibu zinakauka tu mtini: zinakuwa tamu, lakini zinakosa harufu inayoutofautisha mvinyo wa hapa na mingine. Wakulima wa waridi wa Naivasha wanaijua kuvu hii kwa hasara, kwani ndiyo inayotia madoa kwenye maua yakiwa tayari kwenye maboksi. Huku wanaingoja kwa hamu.

Nyuzi za kuvu zinapenya ganda la zabibu na kuliachia vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yanatoka kupitia hapo, na punje inaweza kupoteza nusu ya ujazo wake au zaidi. Kuvu inakula sukari pia, lakini maji yanatoka kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo sukari iliyobaki inazidi kukolea. Asidi nayo inakolea, ila si kwa kiwango cha sukari, kwa sababu kuvu hii inaipenda sana asidi ya tartari na kuila kwa wingi. Hapo ndipo penye hatari. Zabibu iliyoanza na uchachu hafifu itafika kwenye shinikizo, yaani mashine ya kukamulia, ikiwa tamu na imepooza, na mtengenezaji hana namna nzuri ya kuirekebisha. Shamba linaloacha zabibu ziive kupita kiasi kabla kuvu haijaingia limeshaharibu mvinyo wake.

Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na hakuna majira ya baridi ya kuilaza, zao halina nafasi ya kungoja mtini wiki hizi za ukungu na jua. Mvinyo mtamu wa nchi ya joto unahitaji njia nyingine.

Jumatano: kwenye safu

Wavunaji hawaanzi alfajiri. Wanangoja ukungu upande na punje zikauke, maana umande uliobaki juu ya zabibu unaingia kwenye mchuzi, yaani maji yanayokamuliwa kutoka kwenye zabibu, na kuupunguza nguvu. Kila mmoja ana mkasi mdogo wenye ncha nyembamba, na kikapu.

Katika mashamba mengi, mizabibu minne kati ya mitano ni ya aina ya Sémillon, ambayo ganda lake jembamba linaipa kuvu njia. Iliyobaki ni Sauvignon, inayoleta uchachu na harufu kali ya matunda mabichi, pamoja na Muscadelle kidogo.

Shika kichala kimoja cha Sémillon ukitazame. Upande unaopigwa na jua kuna punje za rangi ya dhahabu zenye vidoa vya kahawia, ngumu bado. Hizo kuvu ndiyo kwanza imezigusa. Katikati kuna punje za zambarau iliyofifia, zimejaa, ganda ni laini kama la nyanya iliyopitiliza. Hizo zimeoza zote lakini maji hayajatoka. Chini kabisa kuna punje zilizosinyaa, zimekunjamana, juu yake kuna vumbi la rangi ya majivu. Ni hizo za mwisho peke yake zinazokatwa leo. Mvunaji anakigeuza kichala kwa mkono wa kushoto, anaingiza ncha ya mkasi katikati ya vikonyo, anatoa punje sita au saba, na kukiacha kichala kikining'inia kimepungukiwa. Atakirudia baada ya siku kadhaa. Zamu hizi huwa tatu, nne, hata sita kwa msimu, na kuvuna kwa mkono kwa zamu ni sharti la kisheria kwa yeyote anayetaka kuandika Sauternes kwenye chupa.

Pua inafanya kazi sawa na jicho. Punje iliyosinyaa vizuri inanuka asali na embe lililokaushwa. Ikinuka siki, nyigu au inzi wa matunda wameitoboa na bakteria wameingia. Unga wa kijani au samawati ni kuvu nyingine kabisa, na punje chache zake zinatosha kuutia pipa zima uchungu na ladha ya udongo. Kahawia yenye utelezi ni uozo wa mvua. Zote hizo zinakatwa na kutupwa chini mara moja, kwa sababu zikibaki kwenye kichala zitaambukiza majirani kabla ya zamu ijayo. Mvunaji mzuri anajulikana kwa kile anachokitupa.

Sheria inataka mchuzi wa zabibu uwe na angalau gramu 221 za sukari kwa lita. Mashamba makini hulenga gramu 340 hadi 355, ambazo kama hamira ingezila zote zingetoa pombe ya asilimia 20 au 21. Zaidi ya hapo si sifa. Mchuzi mzito mno unaichosha hamira mapema, na mvinyo unabaki na sukari nyingi kuliko uchachu wake unavyoweza kubeba. Ndiyo maana msimamizi anapokea vikapu vya zamu mbalimbali na kuviweka mbali mbali, ili baadaye achanganye kizito na chepesi.

Mlima mdogo unaoonekana kutoka kila upande ni wa Château d'Yquem. Katika orodha ya madaraja ya mwaka 1855, iliyotayarishwa kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Paris, ni shamba hili peke yake lililopewa daraja la juu kupita yote kati ya mvinyo mtamu. Sheria inaruhusu hektolita 25 za mvinyo kwa hekta, yaani lita 2,500. Yquem hupata 9 hivi, sawa na glasi moja kwa mzabibu. Na kuna miaka wanaamua kutotoa kabisa mvinyo kwa jina lao: 1964, 1972, 1974, 1992 na 2012. Anayeshangaa bei ya chupa ya mvinyo huu aanze na hesabu hizo.

Alhamisi: shinikizo na mapipa

Bommes kuna La Tour Blanche, shamba la daraja la kwanza, lile linalofuata chini ya daraja la Yquem, ambalo pia ni shule ya kilimo cha mizabibu tangu 1911, baada ya mfadhili Daniel Iffla, maarufu kwa jina la Osiris, kuliachia taifa la Ufaransa. Ni pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kuelewa kazi ya ndani, kwa sababu kufundisha ni sehemu ya shughuli yao.

Zabibu za namna hii hazikamuki kirahisi. Shinikizo linapandishwa polepole, linafunguliwa, kile kikate cha maganda kinavunjwavunjwa, kisha linafungwa tena, na duru huwa tatu. Kwa mvinyo mweupe mkavu, mchuzi wa mwisho ndio dhaifu. Hapa ni kinyume: duru ya tatu ndiyo yenye sukari nyingi kuliko zote, maana inatoka kwenye punje zilizosinyaa kabisa. Anayeogopa kukamua hadi mwisho anaacha hazina kwenye maganda. Lakini anayekamua kwa pupa anajiletea shida nyingine, kwani kuvu ina ute ambao ukisagwa sana unaingia kwenye mchuzi, na miezi mingi baadaye utaziba vichujio vyote.

Mchuzi unatulizwa usiku mmoja ili tope lishuke, kisha unaingia kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225. Hamira inafanya kazi kwa shida. Sukari nyingi inanyonya maji kutoka kwenye chembe zake, na kuvu nayo imeacha vitu vinavyoidumaza. Uchachushaji unachukua wiki mbili hadi sita, pengine zaidi, na pombe ikifika asilimia 13.5 au 14 hamira nyingi zimekufa. Sukari iliyobaki, gramu 120 hadi 150 kwa lita, ni ya zabibu yenyewe.

Mtengenezaji anaonja kila pipa kila siku, akitafuta mahali ambapo pombe, sukari na uchachu vinashikana. Akifika hapo anapoza pipa na kutia dayoksaidi ya salfa. Salfa ni nyingi kuliko kwenye mvinyo mkavu: sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu hadi miligramu 400 kwa lita kwa Sauternes, wakati mvinyo mweupe mkavu wa kawaida unaishia 200. Sababu ni kwamba mabaki ya kuvu yanaikamata salfa na kuifanya isifanye kazi, na bila salfa ya kutosha sukari ile itachachuka upya ndani ya chupa. Ukifungua chupa changa ukasikia harufu ya kiberiti kilichowashwa, usiimwage. Mimina, izungushe glasi, ipe dakika 20.

Mvinyo unakaa kwenye pipa miezi 18 hadi 36. Pipa linajazwa kila linapopungua, na mvinyo unahamishwa kila baada ya miezi mitatu hivi ili kuacha masimbi chini.

Ijumaa: kuonja

Siku hii haikimbizwi. Chupa tano zinatosha: mbili changa, mbili za miaka 10 hivi, moja ya miaka 20 na kuendelea. Zaidi ya hapo ulimi unachoka na kila kitu kinakuwa asali.

Glasi iwe na tumbo na mdomo uliobanwa kidogo, ujazo wa sentilita 30 hivi. Vile viglasi vidogo vya likya, yaani pombe kali tamu, vinaua harufu. Mimina sentilita 6 tu. Joto: nyuzi 10 hadi 12 kwa mvinyo mchanga, 12 hadi 14 kwa uliokomaa. Ukiwa wa baridi sana unaonekana mkali na bubu. Ukiwa wa joto sana, pombe na sukari vinapanda juu na uchachu unajificha. Kwa chumba cha nyuzi 28 au 30, kama nyumba nyingi za Dar es Salaam au Mombasa, toa chupa kwenye friji dakika 10 kabla, mimina kidogo kidogo na uirudishe.

Tazama rangi kwanza, juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo mchanga ni wa rangi ya majani makavu yenye dhahabu. Uliokomaa ni wa dhahabu nzito, kisha kaharabu, kisha chai ya rangi. Kaharabu kwenye chupa ya miaka mitatu ni dalili ya hewa kuingia. Machozi yanayoteremka ukutani mwa glasi yanatokana zaidi na pombe. Usiyatumie kupima ubora. Chembe za kung'aa chini ya chupa nazo si sukari iliyoganda. Ni chumvi ya asidi ya tartari na haina madhara.

Nusa bila kutikisa, kisha tikisa unuse tena. Mchanga: nanasi, ganda la chungwa, aprikoti, asali mbichi, vanila ya pipa. Uliokomaa: jemu ya machungwa, tangawizi kavu, karanga zilizokaangwa, zafarani. Halafu kuna harufu moja ambayo mtu aliyelelewa kwenye jiko la Pwani ataitambua kabla ya Mfaransa: uwatu. Kiini cha harufu ya mbegu ya uwatu kinaitwa sotoloni, na hicho hicho kinajengeka kwenye mvinyo wa zabibu zilizoguswa na kuvu kadiri unavyozeeka. Kikiwa kidogo kinanuka sukari iliyoungua. Kikikolea kinanuka bizari. Kwa hiyo msamiati wa vitabu vya kigeni, wenye matunda usiyowahi kuyaona, si lazima. Andika unachokinusa kwa majina ya sokoni kwenu.

Sasa mdomoni. Chukua kijiko kimoja cha chai, kizungushe ulimi mzima, vuta hewa kidogo, hesabu hadi kumi, tema. Sekunde tatu za kwanza utamu ndio unaosema, usiuamini. Sikiliza kinachofuata. Mate yakitiririka pembeni mwa ulimi, uchachu upo. Ulimi ukinata kwenye kaakaa na ukatamani maji, haupo, hata kama chupa ni ya bei kubwa na mwaka wenye sifa. Halafu hesabu sekunde tangu uteme mpaka ladha iishe. Mvinyo wa kawaida unaondoka ndani ya sekunde 5. Mzuri unapita 15. Tazama pia namna ladha inavyoishia. Bora unaishia mkavu, na uchungu mwembamba kama wa ganda la balungi, na hapo ndipo mkono unarudi kwenye glasi.

Kasoro za kuangalia: harufu ya kiondoa rangi ya kucha au siki, ambayo kidogo sana inavumilika, hata inauinua mvinyo huu, lakini ikitangulia harufu nyingine zote, ujue zabibu mbovu zilipita; harufu ya boksi lililolowa, ambayo ni kizibo kilichoharibika; na viputo vinavyochoma ulimi, ambavyo ni uchachushaji uliorudi ndani ya chupa. Temeni, jamani. Glasi tano za asilimia 14 zinapoteza hukumu ya yeyote.

Jumamosi: Barsac, halafu ng'ambo ya mto

Barsac iko tambarare, udongo wake ni mchanga mwekundu juu ya mwamba wa chokaa, tofauti na changarawe na mfinyanzi wa vilima vya Sauternes. Mvinyo wake una haki ya kuandikwa Barsac au Sauternes, kwa hiari ya mwenye shamba. Weka glasi ya kijiji hiki kando ya glasi ya kilimani, za mwaka mmoja. Ya Barsac kwa kawaida ni nyepesi zaidi, ina ndimu na uchachu ulionyooka, na wengi huiona si tamu sana hata pale ambapo sukari inalingana. Hapa lile zoezi la Jumatatu linarudi lenyewe. Kwa ladha yetu, anayeanza aanzie Barsac.

Mchana vuka daraja la Langon uende Sainte-Croix-du-Mont. Ukungu ni wa bonde hilo hilo, zabibu ni zile zile, lakini sheria inaruhusu hektolita 40 kwa hekta na jina halina umaarufu wa ng'ambo, kwa hiyo bei ni nafuu sana. Mvinyo mwingi ni mwembamba zaidi na hunywewa mapema. Chini ya kijiji kuna ukuta wa chaza walioganda kuwa mawe tangu bahari ilipofika huku, na unaweza kuweka mkono juu yake. Kwa pesa ya chupa moja ya daraja la kwanza utapata kadhaa za hapa, na kwa kujifunza kuonja, wingi huo una faida kuliko jina kubwa.

Jumapili: mezani na kwenye mzigo

Kosa la kawaida ni kuungoja mwisho wa mlo ukanywewa na keki. Chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka mchachu na mtupu. Kashata na halua zinaufuta kabisa. Wenyeji wanaunywa na kuku wa kuchoma, jibini ya Roquefort yenye chumvi, hata chaza wabichi. Chumvi, mafuta na pilipili ndivyo vinavyoushika. Kuku aliyepakwa nazi na tangawizi anaifaa sana Barsac, na korosho zilizokaangwa na chumvi zinatosha kama hakuna kitu kingine.

Chupa iliyofunguliwa, ikizibwa na kusimamishwa kwenye friji, inakaa wiki moja hadi mbili bila kupoteza mengi. Glasi moja ya sentilita 7 kwa mtu inatosha, kwa hiyo nusu chupa ya sentilita 37.5 inahudumia watu watano. Nusu chupa huzeeka haraka kuliko chupa nzima. Ukitaka kuweka miaka 20, nunua nzima, uilaze mahali penye giza na nyuzi 12 hadi 15. Kwenye nyumba ya joto isiyo na mahali pa namna hiyo, bora friji kuliko kabati.

Anayerudi Afrika Mashariki aweke chupa kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, kila moja ndani ya soksi nene na mfuko wa plastiki, katikati ya nguo. Msamaha wa ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa msafiri aliyetimiza miaka 18 ni lita 2 za mvinyo. Nusu chupa tano ni lita 1.875, na hivyo unaweza kubeba vijiji vitano badala ya viwili. Ukifika, ziache zitulie wiki mbili kabla ya kufungua ya kwanza.